Kichomi Hakina Mizani: Njia za Kujua katika Uuguzi

Mwezi wa Oktoba 1978 wauguzi wa Marekani walipata jarida jipya la kitaaluma, Advances in Nursing Science. Katika toleo la kwanza yalikuwamo makala ya Barbara Carper, yaliyochimbuka katika tasnifu aliyoikamilisha mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Makala hayo ni mafupi, na lugha yake ni kavu kama ilivyo ada ya majarida ya aina hiyo. Hata hivyo yanastahiki kusomwa na wapenzi wa ushairi, kwani mna ndani yake dai ambalo malenga wamelishikilia tangu kale bila ya kusikilizwa sana na watu wa vipimo: kwamba sanaa nayo ni njia ya kujua. Carper hakutosheka na kusema kuwa sanaa humliwaza mgonjwa au huipamba kazi ya muuguzi. Alisema kuwa ziko habari za mgonjwa zisizopatikana ila kwa njia hiyo. Kwa hivyo, anayeikosa njia hiyo amepungukiwa na elimu, na upungufu wake hautoshi kuitwa ukosefu wa upole.

Dai hilo lilihitaji ujasiri. Kwa miongo kadhaa kabla ya hapo wauguzi wa nchi hiyo walikuwa wakijitahidi kuithibitisha kazi yao kuwa sayansi, ili ipate kiti chake chuoni na isionekane tena kuwa ni huruma ya wanawake inayongoja amri ya daktari. Aliyetaka kuheshimiwa alileta tarakimu. Kuja kusema wakati huo kwamba tarakimu ni fungu moja tu kati ya manne kulikuwa kama kuutia ila ushindi ambao bado haujakamilika.

Mafungu yenyewe ni haya. La kwanza ni ujuzi wa kisayansi, ule unaopimika na kuthibitishika: joto la mwili, mapigo ya moyo, wingi wa damu, athari ya dawa. La pili ni ujuzi wa kisanaa, au kwa istilahi iliyozoeleka na wahakiki wa Kiswahili, ujumi. La tatu ni ujuzi wa nafsi, yaani muuguzi kujijua mwenyewe na kukutana na mgonjwa mtu kwa mtu. Hapa Carper alimtegemea mwanafalsafa Martin Buber, aliyetofautisha kati ya kumwendea mwenzako kama nafsi na kumwendea kama kitu. La nne ni ujuzi wa maadili, unaouliza nini kifanywe pale ambapo kila njia ina madhara yake. Mafungu hayo, alisisitiza, hayapandani kama vipago vya ngazi. Hakuna moja linalotosha peke yake, wala hakuna linaloweza kuachwa.

Katika kulieleza fungu la sanaa, Carper aliegemea fikra za John Dewey katika kitabu chake Art as Experience cha mwaka 1934. Dewey alitofautisha kutambua na kuona. Kutambua hukoma pale jina linapopatikana: mtu akipita njiani hutambuliwa, husalimiwa, na jicho likaendelea na safari yake. Kuona huanzia pale kutambua kunapokomea. Jicho hubaki, hukusanya vipande vilivyotawanyika, na huvishikanisha hadi vikawa kitu kimoja kisicho na mwenziwe. Wagonjwa wawili waweza kulazwa chumba kimoja, wote wakiwa na joto la nyuzi 39 na wote wakitumia dawa moja. Chati zao zafanana. Lakini mmoja ameelekea ukutani, hakuugusa uji, na kila akiulizwa hali hujibu kuwa hajambo. Mwingine hulalamika usiku kucha na kumwita kila apitaye. Muuguzi anayetambua tu atamkimbilia mwenye kelele. Muuguzi anayeona ataujua ukimya ule kuwa ni dalili, ijapokuwa chati haina safu ya kuuandikia.

Msomaji wa mashairi haoni ajabu hapo, kwani jambo hilo amekwishalipambanua katika uwanja wake mwenyewe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na tangu hapo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa na kitabu cha kuwaongoza katika kuupima utungo: mizani zihesabiwe, vina vilingane, beti zitimie. Kipimo hicho kina faida kubwa. Mshororo pungufu hugundulika kwa kuhesabu tu, bila ya ubishi. Lakini kila mhakiki amewahi kukutana na shairi lililotimiza mizani zote kumi na sita za kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikaitana, na shairi lenyewe likawa halina uhai. Hesabu ilisema limetimia, na sikio likasema limekufa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa diwani yake ya kwanza, na vina na mizani akaviweka kando. Ubishi uliofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulidumu miaka mingi, na hauhitaji kufufuliwa hapa. Linalofaa kuangaliwa ni jina la diwani hiyo: Kichomi. Hilo ni neno la mgonjwa. Ni maumivu yanayochoma ubavuni pale pumzi inapovutwa, na aliyewahi kupatwa nayo hana haja ya kuelezwa. Diwani iliyowafanya wasomaji wa Kiswahili wabishane juu ya kinachopimika katika shairi ilibeba jina la uchungu.

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya aina hiyo. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, koo hukereketa, mwili hunyong'onyea. Kila neno limebeba mwendo na mdundo wa maumivu yake, na muuguzi msikivu huanza uchunguzi wake hapo hapo, kwani tumbo linalosokota si sawa na tumbo linalochoma. Hospitali za leo hutumia pia kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi, ambapo mgonjwa hutakiwa ataje namba. Kipimo hicho kina kazi yake. Kwacho hujulikana kama dawa iliyotolewa saa mbili zilizopita imefaa kitu. Lakini saba ya kichwa kinachowanga na saba ya tumbo linalosokota ni saba moja katika karatasi. Namba imekihifadhi kiasi na kuipoteza sura.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa hesabu na jicho ni mahasimu. Florence Nightingale aliwasili katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, mwezi wa Novemba 1854, akifuatana na wauguzi 38. Baada ya kurudi Uingereza alichora, mwaka 1858, michoro ya takwimu iliyoonyesha kuwa askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Chama cha Takwimu cha London. Mwanamke huyo wa takwimu ndiye pia aliyeandika Notes on Nursing, kitabu cha mwaka 1859, ambamo anaonya juu ya mchakacho wa nguo za hariri karibu na kitanda, na juu ya swali jepesi la kama mgonjwa amelala vyema. Yuko mgonjwa, anaeleza, ambaye bila ya kulala saa kumi mfululizo huuona usiku wake kuwa mbaya. Na yuko mwingine anayesinzia kwa vipande na asione kuwa pana la kulalamikia. Jibu ni moja, na usiku ni mbali mbali. Katika mkono wa Nightingale kuhesabu na kuona havikuwa mafungu mawili. Vilitengana baadaye, katika vyuo, na Carper alikuwa akijaribu kuvirudisha pamoja.

Gharama ya mtengano huo huonekana vyema katika mfano ulio karibu na msomaji wa mwambao, nao ni degedege. Mtoto mwenye homa hukakamaa ghafla, macho yakageuka, viungo vikatetemeka. Kwa daktari, hiyo yaweza kuwa ishara ya malaria kali iliyofika ubongoni, maradhi yawezayo kuua kwa muda mfupi. Kwa wazee wengi ni maradhi mbali na homa: yana jina lake, yanahusishwa na ndege au shetani, na yana waganga wake. Utafiti wa istilahi za homa uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliifanya lugha yenyewe kuwa suala la uhai. Ulionyesha kuwa homa ya malaria ilihesabiwa kuwa maradhi ya kawaida, ya kupelekwa hospitali, ilhali degedege lilihesabiwa kuwa jambo jingine. Katika mwambao wa Tanzania imerekodiwa pia imani kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa.

Hapo mafungu manne ya Carper hukutana mlangoni mwa wodi. Sayansi inakijua kimelea na inaijua dawa, na hakuna shairi litakaloshika nafasi yake. Lakini mama anazijua saa: lini mtoto alishtuka, lini macho yalibadilika, amefukizwa nini, amenyweshwa nini kabla ya kuletwa. Muuguzi akimkemea mama huyo kwa ushirikina, mama atanyamaza, na habari zile zitanyamaza pamoja naye. Na siku nyingine mtoto akipatwa tena, huenda asimlete, au amlete amechelewa. Muuguzi akilikubali kila neno kwa kuogopa kuvunja heshima, dawa itachelewa na mtoto atapotea. Inayobaki ni njia ya msomaji mzuri. Atalichukua neno degedege kama neno lililojaa, aulize mwenye kulisema analitia maana gani, kisha kwa neno hilo hilo amfikishe mama kwenye sindano. Kwa kufanya hivyo atakuwa ametumia sayansi, ujumi, kujijua na maadili kwa pamoja, katika dakika chache, na pengine bila ya kuweza kusema lipi lilitangulia.

Hiyo ndiyo nguvu ya makala ya Carper. Kasoro zake nazo zinahitaji kutajwa, kwani zinafundisha takriban sawa na nguvu hiyo.

Kasoro ya kwanza imo katika umbo lake. Orodha ya mambo manne ni rahisi kufundishwa, na kinachofundishika kwa urahisi hutahiniwa kwa urahisi. Mwanafunzi aweza kuyataja mafungu yote kwa mpangilio na asiuone uso wa mgonjwa aliye mbele yake, kama vile mwanafunzi wa fasihi awezavyo kuzitaja tashbiha, tashihisi na takriri zote za shairi na asitikisike nalo hata kidogo. Dawa iliyokusudiwa kuuponya ugonjwa wa fomu ikageuka fomu nyingine. Patricia Benner, katika From Novice to Expert cha mwaka 1984, alishika njia nyingine. Aliazima ngazi tano za umahiri zilizoelezwa na ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliochunguza wachezaji wa sataranji na marubani. Kisha akawaacha wauguzi wenyewe wasimulie visa vya kazi yao. Katika visa hivyo muuguzi mzoefu hujua kuwa hali imeharibika kabla ya kipimo kusema, kama nahodha anayeujua mwamba kwa rangi ya maji. Ujuzi wa aina hiyo haukai vizuri katika orodha. Hukaa katika hadithi.

Kasoro ya pili inahusu neno kujua lenyewe. Carper aliuamini sana uwezo wa muuguzi wa kujitia katika hisia za mgonjwa, na akaufanya kuwa mhimili wa ujuzi wa kisanaa. Hekima ya mwambao ni kali zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hizo tatu zakubaliana kwamba liko eneo la ujuzi lisilo na mlango wa nje, na kwamba anayedai kuingia humo anajidanganya. Patricia Munhall alilifikia jambo hilo kwa njia yake mwaka 1993, alipopendekeza kuwa kutojua nako kuhesabiwe miongoni mwa njia za kujua katika uuguzi: muuguzi amwendee mgonjwa huku amekiri kwamba hamjui. Anayesema kuwa ameyaelewa maumivu ya mwenzake ameyafunga mazungumzo. Anayeomba aelezwe ameyafungua.

Lakini lugha ile ile iliyoweka mpaka imeacha njia pia. Kuuguza kumetokana na kuugua. Mgonjwa huugua, na aliye kando yake huuguza. Mzizi ni mmoja. Mwenye jeraha husemwa kuwa anauguza jeraha, na mwenye mgonjwa nyumbani husemwa kuwa ameuguliwa, kama vile mwenye msiba anavyosemwa kuwa amefiwa. Kwa mujibu wa sarufi hiyo maradhi hayawi ya mtu mmoja. Yuko mwenye kuugua, yuko mwenye kuuguza, wako waliouguliwa, na kila mmoja ana sehemu yake ya ujuzi. Hakuna ajuaye uchungu wa mwingine, na hakuna akaaye nje ya kitenzi.

Hapa ndipo panapodhihiri pengo kubwa zaidi la makala ya mwaka 1978. Katika mafungu yote manne mjuzi ni muuguzi. Mgonjwa hujulikana tu, hajui. Fasihi ya mwambao ina ushahidi wa kupinga hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Utendi huo aghalabu husomwa kama wasia wa ndoa kwa binti yake, na hivyo ndivyo ulivyo. Lakini pia ni maneno ya mtu aliyekuwa akiugua, na anayesema humo haonewi huruma na hachunguzwi. Humwita mwanawe akae karibu, huamuru, hufunza, huomba dua. Ujuzi unatoka kwa mgonjwa na kumwendea aliye mzima. Nadharia ya uuguzi isiyoweza kumpa nafasi mgonjwa wa namna hiyo haijatimia, hata ikiwa na mafungu kumi.

Kasoro ya mwisho ilionyeshwa na Jill White mwaka 1995, katika jarida lile lile lililomchapisha Carper. White aliona kuwa nadharia hiyo imewafungia muuguzi na mgonjwa katika chumba kisicho na dirisha, kana kwamba nje hamna serikali, wala bajeti, wala tofauti za mali na cheo. Akaongeza njia ya tano, ujuzi wa kijamii na kisiasa. Nyongeza hiyo ni ya lazima, kwani kuona, kwa maana ile ya Dewey, kunataka muda. Muuguzi aliye peke yake usiku katika wodi iliyojaa hawezi kuutua moyo wake juu ya uso mmoja. Lazima atambue haraka na apite. Kumtaka muuguzi huyo awe msanii bila ya kumwongezea mwenzake ni kumtwisha lawama ya kosa lisilokuwa lake. Sifa zinazomwagwa juu ya sanaa ya uuguzi zaweza kuwa njia nyepesi ya kukwepa kuajiri.

Baada ya yote hayo, makala ya Carper hubaki kuwa na thamani kwa sababu moja iliyo wazi: yalikataa kukubali kwamba kisichopimika hakijulikani. Mhakiki wa mashairi anaishi kwa kukataa huko huko, naye anajua pia hatari yake, kwani aliyeziacha mizani aweza kuandika upuuzi na kuuita uhuru, na muuguzi aliyeidharau chati aweza kuua kwa kuliamini jicho lake. Vipimo vibaki mahali pake, na vihesabiwe kwa uangalifu. Kisha mwenye kuhesabu akae kidogo. Aliye kitandani anajua kichomi chake kilianzia wapi na hupanda saa ngapi, na mara nyingi hungoja aulizwe tu.